Uzi: Naunda bunduki yangu ya kuwindia kulungu, nichague mtambo upi kati ya Mauser 98, Remington 700 na Savage 110?

Lindi_hadi_Lancaster

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Lancaster, Pennsylvania, mwaka wa tisa huu. Kulungu nilianza kuwinda mwaka 2019, ule mwaka jimbo lilipohamisha ufunguzi wa msimu wa bunduki kutoka Jumatatu kwenda Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, na sisi wa kiwandani tukapata nafasi bila kumpigia magoti msimamizi. (Nasema kulungu kwa sababu ndivyo tulivyozoea kumwita huku. Huyu wa mkia mweupe si yule wa misitu ya nyumbani; huyu dume lake huangusha mapembe kila mwaka na kuota mengine.)

Ninayo Marlin 336 ya risasi za .30-30, ya mkono wa pili. Kwa msituni sina lawama nayo hata moja. Shida ni kwamba siku hizi nimepewa ruhusa kwenye shamba la mahindi, na wanyama wanatokea upande wa pili, mita 180 hadi 220. Umbali huo sitaki kumfyatulia mnyama risasi iliyokwisha kuchoka, halafu nimfuate na damu hadi usiku.

Ningeweza kuingia dukani nikanunua mpya nikamaliza. Ila mimi ni fundi magari, nimesomea VETA, na nimetamani muda mrefu kubeba porini kitu nilichokifunga kwa mkono wangu. Mwezi wa nne jirani yangu mzee alifariki. Mkewe akaniuzia mtambo wa Mauser 98 (yaani mwili wa chuma pamoja na bolti, kile kipande kinachoteleza kufunga chemba inamokaa risasi) uliokuwa kabatini kwake, mtutu ulishatolewa zamani. Tumepitisha kwenye duka lenye leseni, karatasi zote zipo. Juu ya pete ya mbele kuna simba mwenye mkia wa panda mbili, na ubavuni maandishi yanaishia na neno BRNO. Bolti inateleza kama imepakwa samli. Mwanzo wa kuinua mkono wake kuna kigugumizi kidogo tu, nadhani ni grisi iliyoganda.

Bajeti yangu ni dola 900 bila darubini. Moyo uko kwenye Mauser. Rafiki kazini anasema niiache, ninunue mtambo wa Remington 700. Mwingine anasema Savage 110. Mwenye uzoefu anieleze, na anieleze sababu, asinipe jina tu.

Naomba kuwasilisha.

Fundi_wa_Duluth

Mkuu, nafanya kazi karakana ya bunduki hapa Minnesota mwaka wa saba. Swali lako umelianzia katikati. Mtambo hauchaguliwi kwanza. Kwanza unachagua risasi, kwa sababu risasi ndiyo inayoamua urefu wa mtambo na upana wa uso wa bolti.

Risasi nyingi za kulungu zina kitako cha ganda chenye kipenyo kimoja, inchi 0.473, yaani milimita 12. Kipimo hicho kimetoka kwenye risasi za Mauser za karne ya 19 na hakijaondoka hadi leo. Ndiyo maana .30-06 ya mwaka 1906, .270 Winchester ya 1925, .308 ya 1952, .243 ya 1955, 7mm-08 ya 1980 na 6.5 Creedmoor ya 2007 zote zinakaa kwenye uso wa bolti mmoja. Kinachozitofautisha ni urefu. Risasi nzima ya .308 haizidi milimita 71 na ushee, ya .30-06 inafika karibu 85. Za kwanza zinaingia kwenye mtambo mfupi, za pili zinataka mrefu.

Kwa mita 220 na kulungu, huhitaji mtambo mrefu. 7mm-08 au .308 inatosha na kubaki. Risasi ya 7mm yenye uzito wa gramu 9 inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 850 kwa sekunde, na bega lako litakushukuru.

Ukishaamua hapo ndipo tuje kwenye chuma. Halafu hicho kigugumizi cha mkono wa bolti usikipuuze. Grisi iliyoganda inazuia njia nzima, haiumi mahali pamoja.

Columbus_Mbarawa

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naweka kambi kwenye uzi huu, ila nataka kuongeza jambo moja kabla ya risasi: sheria ya jimbo.

Mimi nipo Ohio. Huku kwetu, kulungu huruhusiwi kumpiga kwa .308, wala .270, wala hizo nyingine zenye ganda lililobanwa shingoni. Tangu mwaka 2014 wameruhusu bunduki zenye mtutu wa mfuo, lakini kwa risasi za ganda lililonyooka tu, kipenyo kuanzia .357 hadi .50. Watu wanatumia .45-70, .450 Bushmaster, na .350 Legend iliyotoka 2019. Nimemwona kijana kajenga 6.5 Creedmoor nzuri sana hapa Columbus. Kulungu wa Ohio anamtazama tu, na kuwinda inabidi asafiri.

Kwa hiyo mwenye kusoma uzi huu akiwa jimbo jingine asinakili ya Pennsylvania.

Na kwa Waislamu wenzangu: Bismillahi ni wakati wa kufyatua, na ukimfikia bado ana uhai unamchinja. Hii nayo ni sababu ya kutaka bunduki inayopiga unapolenga, ili umfikie upesi.

Lindi_hadi_Lancaster

Waalaykum salaam ndugu. Umesema kweli. Kwetu Pennsylvania .308 na 7mm-08 hazina shida. Kinachokatazwa kwa kulungu ni bunduki inayojipakia yenyewe, kwa hiyo ya bolti, ya mkono wa chini kama Marlin yangu, ya kusukuma mbele na nyuma, na ya risasi moja moja zote zipo ndani ya sheria.

Fundi, nimechagua 7mm-08. Sasa nivunje moyo kuhusu Mauser.

Mzee_wa_Selous

Vijana hamjambo.

Nimekuwa skauti wa wanyamapori Selous tangu miaka ya themanini (sehemu kubwa yake leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere). Bunduki yangu ya kazi ilikuwa .458, na wageni wengi walikuja na .375 H&H. Nataka kumtetea Mauser kabla hajazikwa.

Ile kucha ndefu ubavuni mwa bolti haikuwekwa kwa mapambo. Risasi ikitoka tu kwenye magazini, kitako chake kinapanda chini ya kucha, na kucha inaishika mpaka ndani ya chemba. Ukisita katikati ukarudisha bolti nyuma, risasi inatoka nayo. Bunduki ambazo bolti yake inasukuma tu risasi haziishiki mpaka bolti ifungwe. Ukisita, risasi inabaki mdomoni mwa chemba, wewe unarudi nyuma unachukua ya pili, unaisukuma nyuma ya ile ya kwanza, na hapo umekwama. Nimeona jambo hilo likimtokea mgeni, mbogo aliyejeruhiwa yuko hatua arobaini kwenye majani marefu. Mbogo yule nilimaliza mimi.

Paul Mauser alimaliza kazi hii mwaka 1898 na waliokuja nyuma yake wanamwiga mpaka kesho. Masikio mawili (vinundu vya bolti) ya kufungia mbele, la tatu nyuma la akiba ikiwa ya mbele yatavunjika. Matundu kwenye bolti ya kutolea gesi ganda likipasuka, ili isikurudie machoni. Sefti inayokamata pini ya kufyatulia yenyewe. Ukitaka kucha hiyo kwenye bunduki ya Kimarekani, tafuta Winchester Model 70, ya mwaka 1936. Mwaka 1964 waliitoa, watu wakalalamika kweli kweli, na miaka ya tisini wakairudisha.

Fundi_wa_Duluth

Shikamoo mzee. Hapo sina la kupinga. Kwa mbogo na simba ningebeba yenye kucha mimi mwenyewe. Lakini kulungu wa Lancaster hamrudii mtu. Akikosewa anakimbia, akipigwa vizuri anaanguka ndani ya mita mia. Faida ya kucha ipo, ila kwa kazi hii ni ndogo, na bei yake kwa mtu anayejenga nyumbani ni kubwa. Nieleze kwa utaratibu.

Mtambo wa kijeshi ulitengenezwa kwa askari anayelenga kwa jicho kupitia shabaha za chuma. Hauna matundu ya kufungia darubini, kwa hiyo lazima utobolewe na kupigwa hesi, na chuma chake kina ngozi ngumu juu ya kiini laini, inayovunja vifaa vya kutobolea. Mkono wa bolti ya vz. 24 (Mauser ya kijeshi ya Chekoslovakia), maana hiyo ndiyo uliyonayo kwa maelezo yako, umetoka nje umenyooka. Ukiuinua unagonga darubini. Lazima ukunjwe au ukatwe uchomelewe mwingine. Sefti yake inazunguka juu, nayo inagonga darubini, inabadilishwa. Kifyatulio cha kijeshi kina hatua mbili na uzito wake, kinabadilishwa. Magazini yake imekatwa kwa risasi ya 8x57, 7mm-08 ni fupi zaidi, kwa hiyo inahitaji kuzibwa nyuma na pengine kuchongwa njia ya kulishia. Ndipo mtutu. Mtutu wa Mauser unaingia kwa hesi ya pembe ya digrii 55, mizunguko kumi na miwili kwa inchi, na unakaa kwenye pete ya ndani. Mitutu inayouzwa tayari huwa imekatwa chemba pungufu makusudi, ili fundi amalizie kwa kipekecho cha mkono kidogo kidogo akipima.

Kila kazi hapo ukimpa fundi ni pesa. Zikijumlishwa, zinanunua Savage mpya iliyokamilika na chenji inabaki. Kama una mashine ya kukereza na umeizoea, basi ni raha tupu, jenga. Kama huna, mtambo huo ulio nao tayari utakuwa wa ghali kuliko yote.

Na nitoe tahadhari mbili kwa wanaookota mitambo ya zamani. Ya kwanza, Mauser za pete ndogo za miaka ya 1893 hadi 1896 hazina sikio la tatu. Zilizaliwa kwa risasi za shinikizo la chini. 7x57 kwa viwango vya Marekani ni pauni 51,000 kwa inchi ya mraba, .308 ni 62,000. Usizifunge mtutu wa .308 hata mtu akikuambia babu yake alifanya. Ya pili, Springfield ya 1903 (bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani) yenye namba chini ya 800,000, au ya kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, chuma chake kiliungua kiwandani kwa sababu mafundi walikadiria joto kwa macho. Zimewahi kupasuka. Hizo ni za ukutani.

Kibera_Sniper

Samahani wakuu, mimi ni msomaji tu wa Nairobi. Huku uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo mambo haya nayasikia kama hadithi. Mtu anajengaje bunduki nyumbani na polisi wasije? Huku hata gobore la babu ni kesi.

Lindi_hadi_Lancaster

Swali zuri, na niliweke wazi ili mtu asije akajiponza. Haya tunayoandika ni ya Marekani. Tanzania na Kenya kuunda bunduki bila leseni ni jela, asijaribu mtu.

Huku kisheria ule mwili wa chuma unaobeba bolti, wenye namba, ndio bunduki. Hata ukiwa mtupu, bila mtutu wala kitako, unaununua kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, unajaza fomu 4473, unachunguzwa, ndipo unapewa. Mtutu, kitako, kifyatulio na darubini ni vipuri, vinaletwa na posta kama tairi. Kwa hiyo "kujenga nyumbani" hapa ni kufunga vipuri kwenye mtambo uliokwisha kupigwa namba kiwandani. Sifui chuma mimi. Na majimbo yanatofautiana, mengine yana masharti ya ziada.

Kwa wahamiaji wenzangu: mwenye green card anaruhusiwa. Mwenye viza ya muda amezuiwa na sheria ya shirikisho isipokuwa awe na moja ya sababu chache zilizotajwa, mojawapo leseni halali ya kuwinda. Usikisie, muulize mwanasheria wa uhamiaji. Kosa la bunduki linakutoa nchini.

Bukavu_Erie

Ndugu, miye niko Erie, jimbo moja nawe. Nasema kamata Remington 700. Imetoka mwaka 1962, na vipuri vyake vimejaa kila pahali: vitako, vifyatulio, magazini, mitutu. Mwili wake ni bomba la mviringo, hata mtu wa kawaida anauweka kwenye kitako bila kazi nyingi. Bolti yake imezungushia kitako cha risasi pete kamili, mtutu umezungushia bolti, mwili umezungushia mtutu. Chuma tatu. Mbona watu wa shabaha wote wanajengea humo?

Fundi_wa_Duluth

Ndugu Bukavu, wala hujakosea. Nikijenga kwa karakana, 700 ndiyo naipenda kuliko zote. Ila tuone mtutu unavyokaa. Mtutu wa 700 una bega. Unakazwa mpaka bega ligonge bamba la kupokea mshindo, na hapo chemba inakuwa imeshaamuliwa na aliyekata bega. Ukikata pungufu au zaidi, huwezi kusogeza. Nafasi kati ya uso wa bolti na bega la chemba ndiyo roho ya kazi yote hii. Ikiwa ndogo, bolti haifungi. Ikiwa kubwa, ganda linajinyoosha kila unapofyatua, mwishowe linakatika karibu na kitako na gesi inatafuta njia.

Kwa familia ya .308 geji ya kukubali (kipimo cha chuma kinachowekwa chemba, ambacho bolti lazima ifunge juu yake) ni inchi 1.630, geji ya kukataa (bolti isifunge juu yake) ni 1.634. Tofauti ni elfu nne za inchi, sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari. Hapo ndipo mtu wa nyumbani anahitaji msaada.

Savage walilitatua mwaka 1958, aliyeibuni ni Nicholas Brewer. Mtutu wa 110 hauna bega. Una hesi ndefu na nati kubwa. Unaweka geji ya kukubali ndani ya chemba, unafunga bolti, unazungusha mtutu kwa mkono mpaka uguse geji, unakaza nati. Ukiona siyo, unalegeza unarudia. Huhitaji mashine ya kukereza. Na kichwa cha bolti ni kipande cha peke yake kinachocheza kidogo, masikio yote mawili yanakaa sawa bila kusuguliwa, na ukibadili familia ya risasi unabadili kichwa tu. Ndugu wa Columbus, sikiliza: kitako cha .450 Bushmaster ni hiyo hiyo 0.473, kwa hiyo uso wa bolti wa .308 unakifaa. Magazini ndiyo utakayoiangalia.

Uzuri wake? Nati ile haipendezi, nakubali. Na bolti ya Savage haitelezi kama ya Mauser, inakwaruza kidogo. Lakini ndiyo mtambo pekee katika hiyo mitatu ambao wewe, na geji mbili na spana, unaweza kuufunga na kujithibitishia mwenyewe kwamba uko salama. Mingine yote unamwamini mtu mwingine.

Ukinunua 700 ya mkono wa pili, uliza kifyatulio. Mwaka 2014 kampuni iliita zirudi zote zenye kifyatulio cha X-Mark Pro kilichotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014. Hakikisha kilishabadilishwa.

Mama_Tanga_MN

Mbona hamjamtaja Howa 1500? Mume wangu na mimi tulijengea hiyo. Inatengenezwa Japani, na inauzwa mtambo na mtutu vikiwa vimeshafungwa kiwandani, chemba imepimwa. Wewe unachagua kitako, kifyatulio, unalaza vizuri, unafunga darubini. Bamba la mshindo limechongwa pamoja na mwili, tumbo lake ni tambarare, halijipindi kwenye kitako. Nilichonga kitako mwenyewe kwa mbao ya mjozi majira yote ya baridi. Kwa mtu ambaye furaha yake ni mbao kuliko mtutu, hiyo ndiyo njia.

Lindi_hadi_Lancaster

Dada, asante, hilo sikulijua. Mkono wangu uko kwenye chuma zaidi, ila naweka akilini kwa bunduki ya mke wangu.

Fundi umenivunja moyo kama nilivyoomba. Hata hivyo kesho naipeleka Mauser kwa fundi mzee wa hapa mjini aiangalie kile kigugumizi. Lancaster hii hii ndiko wahamiaji wa Kijerumani walikozifulia zile bunduki ndefu za Pennsylvania karne ya 18, na mafundi wa kweli bado wapo.

Lindi_hadi_Lancaster

MREJESHO WA KWANZA.

Wakuu, Mauser imekufa.

Mzee aliivua bolti, akaingiza taa na kioo kidogo ndani ya pete ya mbele, akaniita nitazame. Mahali masikio ya bolti yanapokaa pana vishimo viwili, unaviona kwa jicho. Masikio yamechimba kiti chao. Kigugumizi nilichodhani ni grisi ni masikio yanapanda kutoka kwenye vile vishimo kila ninapoinua mkono. Akanionyesha na rangi ya chuma juu ya pete, kuna kivuli cha bluu kilichofifia ambako mtu wa zamani aliipasha moto, pengine akitaka kulainisha ili atoboe matundu ya darubini. Moto ukala ile ngozi ngumu, na baada ya hapo kila risasi ilikuwa inasukuma masikio ndani ya chuma laini.

Nikamuuliza kama inaweza kusuguliwa ikanyooka. Akasema akisugua atamaliza hata ngozi iliyobaki. Hakunitoza kitu. Aliishika kwa muda mrefu akiizungusha mkononi, akasema ilikuwa ya 98 nzuri.

Nimekaa nayo mezani usiku mzima. Ningekuwa na haraka ningeifunga mtutu, ingefyatua vizuri tu mwanzoni, huku nafasi ya chemba ikikua kwa kila risasi na uso wangu ukiwa nyuma yake.

Mzee_wa_Selous

Pole kijana. Si Mauser aliyekosea, ni aliyeiwasha moto. Uliyoiona kwa taa wengine huiona hospitali. Itoe pini ya kufyatulia, uiweke mahali asipoweza mtu kuitumia.

Bukavu_Erie

Pole sana ndugu. Sasa kamata 700!

Lindi_hadi_Lancaster

MREJESHO WA PILI, na samahani kwa kimya cha miezi.

Nilinunua Savage Model 10, ndugu mfupi wa 110, ya mkono wa pili, mtutu wake wa .243 umeliwa na risasi nyingi. Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Na kwa kuwa .243 na 7mm-08 zote zimezaliwa kwenye ganda la .308, kichwa cha bolti kikabaki kile kile, magazini ile ile. Nilichobadili ni mtutu, kitako na pedi ya bega. Kifyatulio cha Savage kinachorekebishika kwa uzito nilikiacha, ni kizuri.

Nati ya zamani ilinitoa jasho saa mbili. Mafuta ya kupenyeza, nikalala, asubuhi ikaachia kwa mlio mmoja. Mtutu mpya ulikaa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilipokaza nati, mtutu ulizunguka nayo kidogo na bolti ikakataa geji ya kukubali. Ya pili ikakubali zote mbili, nikalegeza. Ya tatu: bolti nimeivua pini na ejekta (kirusha ganda), mkono wake unashuka kwa uzito wake juu ya 1.630, na juu ya 1.634 unasimama juu kabisa, haushuki. Nimerudia mara kumi. Nilimwita mke wangu aone, naye akarudia. Halafu nikaipeleka kwa yule yule mzee akapima kwa geji zake, kwa sababu macho mawili ni bora kwenye jambo la uso wa mtu.

Uwanjani, yadi 100, risasi tatu zikakaa ndani ya milimita 32. Mapafu ya kulungu ni upana wa sahani ya chakula, kwa hiyo mimi nimeridhika, sitafuti ndogo zaidi.

Jumamosi ya ufunguzi nilikuwa pembeni ya mahindi kabla ya jua, nguo ya rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni kama sheria inavyotaka. Saa mbili kasoro jike akatoka upande wa pili, akasimama ubavu. Kipima umbali kilisema mita 190. Alikimbia hatua kama thelathini akalala. Ganda lilitoka safi, nimeliangalia kwa kioo, halina mstari wala alama karibu na kitako.

Mauser ipo ukutani gereji bila pini, simba wake akitazama nje. Mjane wa jirani nimempelekea mguu wa nyuma. Alipouliza bunduki ya mumewe imefanya kazi gani, nilimweleza ukweli.

Mama_Tanga_MN

Hongera sana! Picha ya kitako tafadhali. Na nyama umeifanyaje?

Lindi_hadi_Lancaster

Pilau ya Jumapili, dada, na iliyobaki nimeikausha kwa pilipili manga na ndimu. Picha jioni.

Columbus_Mbarawa

Hongera ndugu, Mungu akubariki. Umeniamsha. Nimepata Savage ya .308 kwa jamaa, naitaka iwe .450 Bushmaster kwa msimu ujao wa hapa Ohio. Unaweza kuniazima spana ya nati na zile geji? Posta nalipia mimi.

Lindi_hadi_Lancaster

Spana naituma Jumatatu. Geji zangu usizitumie. Zinafaa .243, .308 na 7mm-08 kwa sababu zote zinapimwa begani mwa ganda. Ganda lako halina bega, .450 inapimwa mdomoni. Nunua geji zake zenyewe kabla hujalegeza nati, na nitumie picha ya uso wa bolti na ya kiti cha masikio ukiwa umeingiza taa.